Betri ya Mgongo na Kiwanja cha Mkuranga

Mwezi Machi mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha familia. Ajenda ilikuwa moja: kuuza au kutouza kiwanja cha Mkuranga, ambacho kaka yangu mkubwa alikinunua zamani kwa fedha za safari, wakati bado akiendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Mnunuzi alikwishapatikana. Fedha hizo zingempeleka kaka India, na huko angewekewa mgongoni kifaa ambacho shemeji yangu, kwa kukosa jina jingine, alikiita betri. "Kama ile ya moyo," alisema, "ila hii ni ya mgongo."

Kaka ameishi na maumivu ya mgongo kwa miaka kumi na moja. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba, akibeba magunia sokoni; kisha akawa utingo; kisha dereva. Miaka minne kabla ya kikao hicho alipasuliwa diski katika hospitali moja ya hapa nchini. Kwa miezi mitano alikuwa mtu mpya. Baadaye maumivu yakarudi, safari hii yakishuka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo wa mguu wa kushoto, na tangu hapo hayajamwacha. Hawezi kulalia ubavu mmoja kwa zaidi ya saa moja. Anaswali akiwa ameketi kwenye kiti. Mjukuu wake wa kwanza hajawahi kumnyanyua. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani kwamba ninayoyaandika hapa yanatokana na dharau kwa wenye maumivu, au na ubahili wa ndugu.

Sababu ya mimi kuitwa ilikuwa cheo changu. Shangazi alifungua kikao kwa kusema, "Daktari tunaye humu ndani, naye atueleze." Nimechoka kufafanua kwamba udaktari wangu ni wa falsafa, kwamba tasnifu yangu ilihusu serikali za mitaa, na kwamba sijawahi kumpima mtu hata homa. Siku ile sikufafanua. Niliomba wiki tatu nikasome. Makala haya yametokana na wiki hizo tatu na miezi iliyofuata, na nimeona niyaweke hadharani kwa kuwa swali lililokuwa mbele ya familia yetu litafika, kama halijafika, mbele ya watu wanaopanga kitita cha mafao cha bima ya afya katika nchi hii.

Kifaa chenyewe si muujiza, wala si utapeli. Nyaya nyembamba zenye elektrodi huingizwa mgongoni na kulazwa nyuma ya ugwe wa neva upitao ndani ya uti wa mgongo, nje ya utando unaoufunika. Nyaya hizo huunganishwa na kijisanduku kidogo kinachofukiwa chini ya ngozi, aghalabu sehemu ya juu ya kalio au tumboni. Ndani yake mna betri na mtambo unaotuma mapigo ya umeme, na mgonjwa hupewa rimoti ya kuyaongeza au kuyapunguza. Betri nyingine huchajiwa kupitia ngozi. Nyingine zikiisha, mtu hupasuliwa tena ili zibadilishwe. Kabla ya kuwekewa moja kwa moja, mgonjwa hupewa kipindi cha majaribio cha siku kadhaa, nyaya zikiwa ndani na mtambo ukiwa nje. Akisema maumivu yamepungua kwa nusu au zaidi, huhesabiwa kuwa anafaa.

Wazo la kutuliza maumivu kwa umeme ni la kale. Katika karne ya kwanza tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika kuhusu kutumia samaki wa jamii ya taa, yule atoaye umeme, kwa maumivu ya kichwa na ya jongo. Lakini msingi wa kifaa hiki uliwekwa mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipochapisha katika jarida la Science nadharia iliyokuja kujulikana kuwa nadharia ya lango. Walidai kwamba ndani ya ugwe wa mgongo mna kitu mfano wa lango, na kwamba habari za maumivu na habari za mguso hugombea kupita hapo. Mguso ukiwa na nguvu, maumivu hubanwa. Kila mama aliyewahi kumsugua mtoto goti alilojigonga anaijua nadharia hii bila kuisoma. Miaka miwili baadaye, yaani 1967, daktari mpasuaji C. Norman Shealy wa Marekani alimwekea elektrodi mgongoni mgonjwa wa saratani aliyekuwa katika siku zake za mwisho, na maumivu yakapungua. Tangu siku hiyo vifaa vimepunguzwa ukubwa, vimeboreshwa, na vimekuwa biashara kubwa ya dunia.

Sasa naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo kilipo kiini cha jambo.

Maumivu hayapimwi kwa mizani wala kwa damu. Tunamwuliza mgonjwa: kutoka sifuri hadi kumi, leo ni ngapi? Jibu lake ni la kweli, lakini linaguswa na mambo mengi. Maumivu ya mgongo hujaa na kupwa kama bahari. Mtu hutafuta tiba siku maji yamejaa, na maji hupwa hata asipotibiwa. Juu ya hilo kuna matumaini. Aliyeuza kiwanja, akapanda ndege, akapasuliwa na kukabidhiwa rimoti mkononi, ana kila sababu ya kujisikia nafuu, na nafuu hiyo si uongo. Ila huenda haikutokana na umeme. Ndiyo maana tiba ya maumivu inahitaji kulinganishwa na plasebo, yaani tiba inayofanana na ile ya kweli kwa kila kitu isipokuwa kile kinachodaiwa kuponya.

Kwa vifaa hivi jaribio hilo lilikuwa gumu kwa miaka mingi, kwa sababu ya ajabu kidogo. Vifaa vya mwanzo vilimpa mgonjwa msisimko, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Aliyehisi msisimko alijua kifaa kimewashwa. Asiyehisi alijua kimezimwa. Hapakuwa na namna ya kumficha. Kwa hiyo tafiti za awali zililinganisha wenye kifaa na wasio nacho, na kila mtu alijua yuko kundi gani.

Utafiti unaotajwa sana ni ule uitwao PROCESS, uliochapishwa mwaka 2007. Ulihusu wagonjwa 100 wa aina ya kaka yangu hasa, waliopasuliwa mgongo na kubaki na maumivu ya mguu yatokanayo na neva. Baada ya miezi 6, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa pamoja na matibabu ya kawaida walisema maumivu ya mguu yamepungua kwa nusu au zaidi. Katika kundi la matibabu ya kawaida peke yake, waliosema hivyo walikuwa asilimia 9. Tofauti hiyo ni kubwa, na mtu yeyote anayeisoma akiwa na ndugu mwenye maumivu moyo wake huruka. Wangu uliruka. Kisha nikarudi kusoma taratibu. Kundi la kulinganishia liliachiwa matibabu yale yale yaliyokwisha kuwashinda, na lilijua hivyo. Mfadhili wa utafiti alikuwa Medtronic, kampuni inayotengeneza vifaa hivyo. Na ndani ya mwaka mmoja karibu theluthi moja ya waliowekewa kifaa walipata matatizo yaliyosababishwa na kifaa chenyewe. Mwaka 2008 NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri tiba zipi zilipiwe na huduma ya afya ya taifa, ilikikubali kifaa kwa maumivu sugu ya neva yaliyodumu miezi 6 au zaidi licha ya matibabu mengine, kwa sharti la mgonjwa kufaulu kipindi cha majaribio. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa ushahidi uliokuwapo. Swali ni kilichofuata.

Kilichofuata ni aina mpya za mapigo ya umeme, za haraka zaidi au za mafungu mafungu, ambazo mgonjwa hazihisi. Kampuni zilizitangaza kuwa maendeleo, na huenda ni maendeleo kweli. Lakini zilileta pia jambo ambalo sidhani watengenezaji walilikusudia: sasa mgonjwa angeweza kufichwa kama kifaa kimewashwa au kimezimwa.

Watafiti wa Hospitali ya St. Olavs mjini Trondheim, Norway, waliitumia nafasi hiyo. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la JAMA mwezi Oktoba 2022. Wagonjwa walikuwa 50. Wote walikuwa wamepasuliwa mgongo, wote walibaki na maumivu ya mguu, wote walifaulu kipindi cha majaribio, na wote wakawekewa kifaa. Kisha, kwa vipindi vya miezi mitatu mitatu, kifaa kiliwashwa au kuzimwa bila mgonjwa kujua. Kila mmoja akapitia vipindi viwili vya kuwashwa na viwili vya kuzimwa. Kipimo kilichotumika kina alama 100, na huuliza mambo ya maisha ya kila siku, kama kuketi, kutembea, kulala na kunyanyua vitu. Alama zikiwa nyingi ndivyo mtu alivyolemaa. Mwanzoni wastani ulikuwa karibu 45. Kifaa kilipowashwa ulishuka kwa alama 10.6. Kilipozimwa ulishuka kwa alama 9.3.

Naomba msomaji azitazame tena nambari hizo mbili. Wagonjwa walipata nafuu. Hilo halina ubishi. Waliipata kifaa kikiwaka, na waliipata karibu sawasawa kikiwa kimezimwa. Tofauti ya alama 1.3 ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu haiwezi kutenganishwa na sifuri.

Watetezi wa kifaa walipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Ilikuwa hospitali moja, wagonjwa 50, aina moja tu ya mapigo, tena yakiwa yamepangwa kwa namna ambayo wengi hawaitumii. Nakubali yote hayo. Lakini jibu la utafiti mdogo wenye kasoro ni utafiti mkubwa ulio bora, na mwenye fedha za kuugharamia ni yule anayekiuza kifaa. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia tafiti 13 zenye washiriki 699 kuhusu kifaa hiki na maumivu ya mgongo. Walihitimisha kwamba katika miezi 6 yumkini hakina manufaa ya kudumu yanayozidi gharama na hatari zake, na hawakupata utafiti wowote uliokilinganisha na plasebo kwa muda mrefu zaidi ya huo. Hebu fikirini: kifaa kinachokusudiwa kukaa ndani ya mwili wa mtu kwa miaka.

Hatari zake nazo zina kumbukumbu. Nyaya huhama. Vidonda hupata maambukizi. Pale kijisanduku kilipofukiwa huota maumivu mapya. Mara chache neva huumia. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, ilitangaza mwaka 2020 kwamba kati ya Julai 2016 na Julai 2020 ilipokea taarifa 107,728 zinazohusu vifaa hivi, miongoni mwake 497 zikihusishwa na vifo. Nambari hizo zinahitaji tahadhari, kwa kuwa taarifa si uthibitisho kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, na tukio moja linaweza kutolewa taarifa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo naupa uzito zaidi uchambuzi wa kumbukumbu za bima za Marekani uliochapishwa mwaka 2023 katika JAMA Neurology. Katika miaka miwili karibu asilimia 18 ya waliowekewa kifaa walipata matatizo, na asilimia 22 kifaa chao kilitolewa au kurekebishwa. Hawakupunguza matumizi ya dawa za jamii ya afyuni kuliko wenzao wasio na kifaa, ingawa hiyo ndiyo sifa mojawapo kubwa inayotangazwa. Gharama zao za matibabu katika mwaka wa kwanza zilizidi za wenzao kwa takriban dola 39,000.

Mimi si mtu wa kuogopa teknolojia. Leo betri za moyo zinapandikizwa hapa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kazi ambayo zamani ilimaanisha rufaa ya nje ya nchi. Kila Mtanzania ana haki ya kujivunia jambo hilo. Na hapo ndipo nilipoona hatari ya lile jina alilolitoa shemeji yangu kwa nia njema. Moyo unaopiga polepole kupita kiasi huonekana kwenye karatasi ya kipimo. Ukiwekewa betri, mapigo huonekana yakirudi, mgonjwa apende asipende, aamini asiamini. Kifaa cha mgongo hakina karatasi ya namna hiyo. Tunapokiita betri tunakiazima heshima ambayo hakijaipata kwa jasho lake.

Niliiandikia hospitali ile ya India kwa niaba ya kaka. Niliuliza aina ya mapigo watakayotumia imewahi kulinganishwa na plasebo katika utafiti gani. Niliuliza kati ya wagonjwa wao wa miaka mitano iliyopita wangapi walirudi kutolewa kifaa. Niliuliza waya ukihama, kaka akiwa Mbagala, nani ataurekebisha na kwa gharama ya nani, kwa sababu vifaa hivi huhitaji kupangwa upya kila mara na mtaalamu mwenye mtambo wa kampuni husika. Niliuliza pia bei. Nilijibiwa ndani ya siku mbili, kwa adabu kubwa. Bei ilikuwa zaidi ya shilingi milioni arobaini, bila nauli na malazi. Wakaambatanisha fomu ya maombi ya viza na picha ya chumba cha mgonjwa. Maswali mengine matatu hayakuguswa.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hasa mlio katika wizara na mifuko ya bima, maswali hayo ni yenu kuliko yangu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mwananchi kuwa na bima. Ni hatua ambayo wengi wetu tuliipigania kwa kalamu na kwa maandamano ya amani. Lakini bima kwa wote ina maana ya kitita kwa wote, na kila shilingi inayoingia kwenye kitita kwa jambo moja imetolewa kwenye jambo jingine. Vifaa vya aina hii haviingii nchini vikiwa na pembe. Huja kupitia semina hotelini, kupitia daktari bingwa aliyelipiwa safari ya mafunzo, kupitia msaada wa vifaa vichache vya kuanzia. Kisha mgonjwa mmoja hutokea kwenye televisheni akitembea. Baada ya hapo, atakayeuliza "ikilinganishwa na nini?" ataonekana adui wa wagonjwa.

Rai yangu ni kwamba kifaa hiki kisilipiwe na fedha za umma kwa maumivu ya mgongo hadi pawepo ushahidi wa kukilinganisha na plasebo kwa mwaka mmoja au zaidi. Mabingwa wetu wakiona kipo kikundi kidogo cha wagonjwa kinachoweza kufaidika, basi na kiingie kwa mlango wa utafiti, mgonjwa akiandikwa kwenye daftari la kitaifa na kufuatiliwa, na kila anayeshiriki uamuzi akitangaza kwanza nani amewahi kumlipa. Australia haikuanza hivyo. Vifaa vikasambaa hadi kwenye hospitali binafsi kwa fedha za bima, na ndipo mamlaka yao ya vifaa tiba ikaanza kuvipitia upya mwaka 2022. Nchi tajiri yaweza kumudu kujifunza kwa namna hiyo. Sisi hatuwezi.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililoninyima usingizi zaidi ya takwimu za Trondheim.

Nilitaja kwamba Shealy aliweka elektrodi ile ya kwanza mwaka 1967. Mwaka huo huo, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 127 kuhusu uzito wa juu ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubebeshwa. Pendekezo lililoambatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanaume mzima. Kilo hamsini na tano! Kaka yangu, katika miaka yake ya sokoni, alikuwa akibeba lumbesa. Sheria yetu ya vipimo inakataza lumbesa na kuweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, na kila msimu wa mavuno husikika viongozi wakiikemea kwa sababu inamwibia mkulima. Ni kweli inamwibia. Lakini sijawahi kusikia hata mmoja akitaja mgongo wa kijana anayelishusha gunia hilo kutoka kwenye lori usiku wa manane. Hata hilo gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya uzito uliopendekezwa Geneva.

Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, na hakuna hali nyingine inayosababisha miaka mingi zaidi ya ulemavu. Wengi wao hawatawahi kuonana na mpasuaji. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo mahususi. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa, programu za mazoezi, baadhi ya tiba za mikono, msaada wa kisaikolojia na dawa za kawaida za kupunguza uvimbe; linashauri dhidi ya mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo na dawa za afyuni. Maumivu ya kaka, yatokanayo na neva baada ya upasuaji, hayamo moja kwa moja katika mwongozo huo. Lakini yale ya miaka saba ya mwanzo, kabla ya kisu, yangefaa kuhudumiwa hivyo. Alipewa sindano, mkanda, na ushauri wa kupumzika. Baada ya upasuaji alipewa karatasi moja yenye michoro ya mazoezi, iliyotolewa nakala mara nyingi hata vichwa vya watu kwenye michoro vikawa vimefutika. Mtaalamu wa fiziotherapia hakuonana naye hata siku moja.

Sitaki kudanganya kwamba mazoezi yanafanya maajabu. Ushahidi wake nao ni wa manufaa ya kiasi, na wako wasiopata nafuu. Ila mazoezi hayahami mwilini, hayahitaji kupasuliwa ili yatolewe, na fedha za kifaa kimoja zinaweza kulipa mshahara wa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya kwa miaka kadhaa. Chuo cha fiziotherapia cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikitoa wahitimu kwa miongo mingi. Wanafunzi wangu wa utawala wa umma hunijia kila mwaka wakitafuta mada za utafiti: nendeni mkahesabu ni hospitali ngapi za wilaya zina ikama ya mtaalamu huyo iliyojazwa, na mtakayoyapata nitayachapisha hapa hapa.

Kikao cha pili cha familia kilifanyika baada ya Idi. Niliwasomea nambari zile mbili, 10.6 na 9.3. Shangazi aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa kama wote walipata nafuu, hata walipozimiwa, ubaya wake nini?" Nilimwambia ubaya wake ni kiwanja, na kisu, na waya unaoweza kuhama. Hakuridhika, na sidhani alikosea kutoridhika. Mtu aliyelala vibaya kwa miaka kumi na moja hanunui takwimu, ananunua usiku mmoja wa usingizi. Kaka mwenyewe alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mdogo wangu, kisiuzwe kwanza."

Sasa anakwenda fiziotherapia mara mbili kwa wiki, kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa fedha za mfukoni. Maumivu ya mguu yapo pale pale, kwa maelezo yake mwenyewe. Anatembea hadi msikitini na kurudi bila kusimama njiani, jambo ambalo mwaka jana hakuliweza, lakini bado anaswali kwenye kiti. Mnunuzi wa kiwanja amepiga simu mara tatu. Mwezi uliopita kaka aliniuliza kama umetoka utafiti mpya. Nilimwambia naendelea kutazama.